Sikio Lisilonyamaza: Namna ya Kutafuta Kipimo Ukiwa Lamu

Kazi yangu ni unahodha wa boti ya abiria baina ya Amu, yaani mji wa Lamu, na Mokowe ya bara. Hukaa tezini, mkono wa kushoto umeshika mashine, na sikio la kushoto ndilo lililo karibu nayo. Humo ndani mna mlio mwembamba wa filimbi ambao haukatiki, mchana wala usiku.

Tangu nipimwe usikivu, mabaharia wenzangu na jamaa wa mitaa ya Mkomani na Langoni hunijia gatini na swali lilelile: nianzie wapi? Wengi wao wana mlio huo huo, au huomba kila neno lirudiwe mara mbili, na kuna mtu aliyekwisha kuwaambia kuwa ni umri tu, watazoea. Nawaandikia wao. Huenda ni kweli watazoea, lakini neno hilo halifai kusemwa kabla sikio halijatazamwa na kupimwa. Inaniuma kuona mtu wa kisiwani ametumia nauli yake kwenda hospitali akarudi na neno hilo peke yake.

Madaktari huuita mlio huu tinitasi. Ni dalili kama homa ilivyo dalili, na nyuma yake huwa pana kitu. Pengine ni nta iliyojaa. Pengine kiwambo cha sikio kimetoboka, au sikio la kati lina maji au usaha. Pengine seli za sikio la ndani zimeharibiwa na kelele, na umri, au na dawa. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, hata taya inayosaga meno usiku, vyote huweza kuleta mlio. Unapokwenda hospitali, unachotafuta ni jina la hicho kilicho nyuma.

Kwetu tumelelewa kwamba sikio likilia umswalie Mtume kisha uendelee na shughuli zako. Mlio wa namna hiyo hudumu nukta chache ukapita, na karibu kila mtu huupata. Ninaouzungumzia hapa ni ule unaokaa zaidi ya dakika tano na kurudi siku baada ya siku, au unaokuja pamoja na kusikia kupungua.

Wasiofaa kungoja

Sehemu hii naiweka mbele kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza sikio ambalo pengine lingeokolewa.

Ukiamka ukakuta sikio moja limezimika, au likazimika ndani ya saa chache au siku mbili tatu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Watu wengi hudhani ni nta au ni maji yameingia, wakakaa wiki nzima wakitia mafuta. Ikiwa sikio la ndani ndilo lililopigwa, dawa za steroidi huwa na nafasi ya kusaidia zikianzwa mapema, siku za mwanzo kabisa, na zikipita wiki mbili nafasi hiyo imepungua sana. Ukifika mapokezi usiseme tu "sikio linauma" au "sikio limeziba." Sema: "Sikio hili lilikuwa linasikia vizuri, na tangu jana usiku halisikii." Maneno hayo ndiyo yanayompa mhudumu sababu ya kukutanguliza.

Ndugu zetu wa Kizingitini na Kiunga wanaozamia kamba, hili lawahusu zaidi. Mtu akizama hali masikio hayajafunguka, akalazimisha kwa kubana pua na kupuliza kwa nguvu, shinikizo laweza kupasua kiwambo au kuumiza sikio la ndani. Ukitoka majini na kizunguzungu, mlio mpya na sikio zito, usizame tena, usibebe mizigo mizito, usipenge kamasi kwa nguvu, na utafutiwe chombo cha kwenda hospitali. Kulala "mpaka kichwa kitulie" ni hatari.

Wengine wasiofaa kungoja ni mwenye mlio unaopiga sawasawa na mapigo ya moyo, mwenye mlio uliokuja baada ya kugongwa kichwa, mwenye uso uliolegea upande mmoja, na mwenye sikio linalotoa usaha pamoja na maumivu makali au homa. Mlio wa mapigo unaweza kutoka kwenye mishipa ya damu, na unahitaji kuchunguzwa kwa njia yake. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono huku ukisikiliza, na kama mapigo na mlio vinakwenda pamoja, mwambie daktari hivyo hivyo.

Tena kuna mwenye mlio uliomnyima usingizi hata amechoka na maisha. Ndugu yangu, hilo nalo liseme waziwazi mbele ya daktari, bila haya. Ni sehemu ya ugonjwa na lina msaada wake.

Usitie kitu sikioni

Mafuta ya nazi ya uvuguvugu, maji ya kitunguu thomu, matone ya mtoto wa jirani yaliyobaki kwenye chupa: yote hayo yaache mpaka kiwambo kitazamwe. Kama kimetoboka, unachotia kinapita moja kwa moja hadi sikio la kati, na baadhi ya matone huweza kuudhuru usikivu wenyewe. Vijiti vya pamba, funguo na unyoya wa kuku husukuma nta ndani zaidi. Anayetaka kufanyiwa kisomo na akafanyiwe, hakimzuii kwenda hospitali.

Daftari kabla ya safari

Nikiulizwa nini kilisaidia zaidi ya yote, husema daftari. Daktari wa hospitali yenye foleni ana dakika chache za kukusikiliza, na ukianza kukumbuka mbele yake utasahau nusu ya mambo. Andika nyumbani, kwa maneno yako mwenyewe.

Andika ni sikio lipi, au ni yote mawili, au mlio uko kichwani katikati. Andika ulianza lini, na ulianza ghafla au polepole. Unafanana na nini: filimbi, nyenje, upepo, bahari, mashine? Haukatiki, au huja na kwenda? Je, hubadilika ukigeuza shingo au ukikaza meno? Swali hili la mwisho wengi hulidharau, lakini jibu lake humwonyesha daktari kama shingo na taya zinahusika. Kama kuna kizunguzungu, andika kinadumu muda gani, na kama sikio hujaa au kuzidi uzito kabla yake. Kizunguzungu cha saa nzima au zaidi, pamoja na mlio na usikivu unaopanda na kushuka, huweza kuwa ugonjwa wa Ménière, unaoitwa kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861.

Kisha andika kelele za maisha yako yote, zile za kazi ya leo na za kazi ulizoacha pia. Mashine ya boti, randa ya umeme, jenereta, msumeno, spika za harusini, baruti za wavuvi, vipokea sauti vya simu. Kama hujui kelele ya kazini kwako ina ukubwa gani, jipime hivi: ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upaze sauti, basi huenda kelele hiyo imefika au imepita desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa kiwango hicho wataalamu wengi huhesabu saa 8 kwa siku kuwa mpaka wa usalama, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Nahodha anayevusha tangu alfajiri hadi magharibi na ajifanyie hesabu.

Dawa nazo zote ziandike, au uchukue maganda yake uyatie mfukoni. Sindano za jentamaisini, streptomaisini iliyotumika zamani kwa kifua kikuu, kwinini, aspirini kwa wingi, furosemaidi ya kupunguza maji mwilini na baadhi ya dawa za saratani zinajulikana kuweza kuathiri masikio. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya kusoma haya. Peleka swali kwa aliyekuandikia.

Ukurasa bora wa daftari langu aliujaza mke wangu. Aliandika kwamba nikiitwa nikiwa nimempa mgongo sigeuki, kwamba taarifa ya habari naiweka juu mpaka jirani anaisikia, kwamba "sitini" naisikia "tisini" na hugombana na abiria juu ya nauli. Daktari aliusoma ukurasa ule mara mbili. Sauti za s, f na sh ni nyembamba na hafifu, na ndizo hupotea mwanzo kwa mtu aliyeumizwa na kelele. Mtu huyo husikia kwamba kuna anayesema, ila maneno hayamshiki, hasa penye watu wengi. Mtu wa nyumbani mwako ameyaona ambayo wewe hukuyaona. Mpe kalamu, na kama nauli inaruhusu, mchukue mwende pamoja.

Pa kwenda

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Kaunti pale Amu, ile ya King Fahad. Hapo mwombe mhudumu mambo manne: atazame masikio yote mawili kwa kitochi chake, apime presha, apime sukari, na apime damu. Nta ikionekana, itolewe hapo na mwenye ujuzi. Kuna watu ambao safari yao huishia hapo kwa furaha, na hao ndio wenye bahati.

Mlio ukibaki baada ya sikio kuwa safi, omba barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita daktari wa ENT. Kenya ina pia maafisa wa kliniki waliosomea masikio hasa baada ya diploma yao ya kwanza, na huenda ndiye mtaalamu wa kwanza utakayemwona. Usimdharau kwa kuwa haitwi daktari bingwa.

Kabla ya kupanda chombo, piga simu hospitali unayokwenda, iwe Malindi au Coast General ya Mombasa, uulize maswali mawili. Kliniki ya masikio ni siku gani? Na mashine ya kupima usikivu, pamoja na mtu wa kuitumia, wapo siku hiyo? Maswali haya mawili yatakuokolea safari nzima. Bima nayo iulizie mapema. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF, kwa hiyo hakikisha umesajiliwa, kisha uliza kwenye dawati lao ni vipimo gani wanavyolipia na vipi utatoa mfukoni.

Sasa jambo ambalo sisi watu wa visiwani tunapaswa kulijua kuliko wengine. Sikio lililotoka kwenye kelele huchoka kwa muda, na likipimwa likiwa limechoka hutoa matokeo mabaya kuliko hali yake halisi. Yafaa lipumzike angalau saa 14 kabla ya kipimo. Ukitoka Amu na boti, ukapanda basi Mokowe, ukapita Witu na Garsen hadi Malindi huku spika ya muziki iko juu ya kichwa chako, usiende kupimwa jioni ileile. Lala kwa jamaa. Asubuhi nenda ukiwa umetulia. Kama basi lina kelele, keti mbali na spika na uzibe masikio kwa vizibo vya povu vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa au ya vifaa vya ujenzi.

Ndani ya chumba cha kipimo

Daktari huanza kwa kuangalia kiwambo. Huenda akapiga chuma chenye ncha mbili kinacholia, akakiweka utosini kisha nyuma ya sikio, akakuuliza unasikia upande gani zaidi. Ni kipimo cha kale na cha maana, hutenganisha sikio lililoziba na sikio lililoumia ndani.

Kisha ni kile kipimo chenyewe. Utaingizwa kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, utavishwa vipokea sauti, utapewa kitufe. Utaletewa sauti moja moja, za chini (nene) na za juu (nyembamba), kwa kawaida kutoka hezi 250 hadi 8000 (hezi hupima unene na wembamba wa sauti), na kila ukisikia utabonyeza hata kama ni hafifu mno. Baadaye watakuwekea kifaa kidogo kwenye mfupa wa nyuma ya sikio na kurudia.

Mwenye mlio hutatizika hapa, kwa sababu sauti ya mashine na filimbi yake huchanganyika. Mwambie mpimaji kabla hajaanza: "Nina mlio sikioni, nao uko juu juu, kama nyenje. Tafadhali tumia sauti ya kukatika-katika." Mashine nyingi zina sauti ya namna hiyo, na ni rahisi kuitofautisha na mlio usiokatika. Usibonyeze kwa kubahatisha ili uonekane unasikia vizuri. Hapo unajinyima dawa yako mwenyewe.

Ikiwa utapimwa kusikia maneno, uliza kama yanapatikana kwa Kiswahili. Mzee wetu asiyejua Kiingereza akikosea neno la Kiingereza, kosa hilo halisemi kitu juu ya sikio lake. Kuna pia kipimo cha hewa kinachobana sikio kidogo kuona kama kiwambo kinacheza sawasawa, hakiumi na huisha upesi. Na unaweza kupewa orodha ya maswali 25 juu ya jinsi mlio unavyokusumbua, ambayo alama zake hufika 100. Ijibu kwa ukweli. Wanaume wa baharini tuna tabia ya kusema "si neno" kwa kila kitu, na karatasi ile ikijazwa "si neno" hakuna atakayejua kwamba hulali.

Karatasi iitwayo odiogramu

Hii ndiyo karatasi ya matokeo ya kipimo cha usikivu. Usitoke bila nakala yake. Ukiiangalia, kutoka kushoto kwenda kulia ni sauti za chini hadi za juu, na kutoka juu kwenda chini ni ukubwa uliohitajika ili usikie. Alama zikiteremka, usikivu umeteremka. Duara nyekundu ni sikio la kulia, msalaba wa bluu ni la kushoto. Kwa viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021, chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida, na kutoka 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, kisha huendelea kuongezeka.

Muulize mpimaji akuonyeshe kwa kidole mstari wa hewa (ule wa vipokea sauti) na mstari wa mfupa (ule wa kifaa cha nyuma ya sikio). Mstari wa mfupa ukiwa mzuri na wa hewa umeteremka, tatizo liko njiani, yaani nta, kiwambo, au vifupa vya sikio la kati, na mengi ya hayo hutibika. Yote miwili ikiteremka pamoja, tatizo liko sikio la ndani au kwenye neva. Karatasi yangu ilikuwa na shimo karibu na hezi 4000 kisha mstari ukapanda tena kwenye 8000, pande zote mbili, la kushoto likiwa kubwa zaidi. Hiyo ni alama ya kelele.

Hata hivyo daktari hakuridhika kwamba mashine ya boti imejibu kila kitu, na namshukuru. Alinieleza kwamba mlio wa upande mmoja, au tofauti ya wazi baina ya masikio mawili, huweza mara chache kutoka kwenye uvimbe usio wa saratani unaokua polepole kwenye neva ya usikivu na mizani ya mwili. Akaniandikia MRI, picha ya kuona ndani ya kichwa. Ni kipimo cha gharama na nililazimika kujipanga, lakini ilipotoka safi nilijua ninachoishi nacho. Kama mlio wako uko upande mmoja na hakuna aliyetaja picha, uliza wewe: "Daktari, kwa kuwa ni upande mmoja, nahitaji MRI?" Akisema hapana, akueleze sababu.

Na ikiwa odiogramu imetoka nzuri nawe bado unasikia mlio, usikubali kuambiwa unawaza. Kipimo cha kawaida huishia hezi 8000, na sikio la mwanadamu husikia juu zaidi ya hapo. Mlio wako ni wa kweli hata kama mstari umenyooka.

Baada ya jina kupatikana

Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena, na mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa mlio wa namna yangu. Nasema haya kwa sababu kuna wanaouza chupa za "kusafisha neva za masikio" kwa bei ya kumfilisi mvuvi. Msaada uliopo ni wa aina nyingine. Aliyepungukiwa usikivu hupewa mashine za kusikia, na wengi wao mlio hurudi nyuma sauti za nje zinapoingia. Kuna ushauri nasaha wa kubadilisha namna akili inavyoupokea mlio, huo umechunguzwa sana na husaidia. Na kuna sauti ndogo ya usiku. Mji wetu hauna magari, na nyumba ya mawe ikifungwa madirisha huwa kimya kabisa, hapo ndipo filimbi hupanda. Feni, au kisomo cha Kurani kwa sauti ya chini, huupunguza.

Kwa walioajiriwa, wakiwemo vijana wa bandari ya Kililana, kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8 ndani ya siku. Tarehe ya odiogramu yako ya kwanza ina uzito ukija kudai haki, kwa hiyo ni vyema kupimwa mapema, hata kabla ya mlio.

Mwenye simu ya kisasa anaweza pia kupakua hearWHO, programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2019. Hukusomea tarakimu ndani ya kelele na kukupa alama. Haikupi ugonjwa, ila alama ikiwa ndogo una sababu ya kwenda kupimwa.

Mimi sasa navaa vifuniko vya masikio nikiwa kwenye mashine, na kijana wangu wa boti naye namvalisha. Karatasi ya kwanza imo ndani ya faili pamoja na hati za chombo. Daktari aliagiza nirudie kipimo kila mwaka, na mapema zaidi nikiona mlio umebadilika au sikio la kulia limeanza kufuata. Ukienda kurudia, chukua ile ya zamani ili mistari ilinganishwe hapohapo.